Uhakiki wa Upimaji katika Elimu ya Ufundi Stadi: Nafasi ya Kiswahili



1. Utangulizi

Mihadhara ya taaluma za Kiswahili imezoea kushughulikia ushairi, riwaya, sarufi na historia ya lugha. Ni mara chache inapoingia karakanani. Hata hivyo, kila mwaka katika Afrika ya Mashariki vijana na watu wazima husimama mbele ya watahini wakiwa wameshika mwiko, spana, randa au sindano, na majaliwa yao huamuliwa kwa maneno. Kuna maneno ya swali, maneno ya vigezo vya kusahihishia, na maneno yanayoandikwa kwenye cheti. Mahali penye maneno mengi kiasi hicho ni mahali pa mwanaisimu pia.

Mhadhara huu unachunguza namna ubora wa upimaji katika elimu na mafunzo ya ufundi stadi unavyoweza kuhakikiwa. Hoja yake kuu ni moja: jaribio la ufundi lina thamani pale tu linapothibitisha ufundi wenyewe, na mahali pa kwanza ambapo uthibitisho huo huvuja ni katika lugha. Uvujaji huo hautokani na Kiingereza peke yake. Kiswahili kilichoteuliwa bila kusikiliza lugha ya mafundi huweza kumfelisha fundi hodari kama ambavyo Kiingereza humfelisha.

Suala hili si la kinadharia tu. Cheti cha ufundi hufungua mlango wa ajira, wa zabuni na wa leseni. Nchini Tanzania, kwa mfano, mtu anayetaka kufanya kazi ya kufunga umeme majumbani kihalali hana budi kupata leseni ya EWURA, na leseni hiyo hudai ushahidi wa sifa. Fundi anayeijua kazi lakini akaangushwa na karatasi hupoteza riziki. Asiyeijua kazi lakini akaokolewa na karatasi huwahatarisha watakaolala ndani ya nyumba aliyoitandazia nyaya. Upimaji mbovu hutenda makosa yote mawili kwa wakati mmoja.

2. Maneno na dhana

Inafaa kuanza na maneno ambayo Kiswahili chenyewe kinayo. Neno fundi lina undugu na kitenzi -funda, ambacho kimezaa pia -funza, mafunzo, mkufunzi na mwanafunzi. Kwa hiyo katika mzizi wa lugha, ufundi na elimu havikutenganishwa. Katika matumizi ya pwani fundi si mtu wa mbao na mawe tu. Hata mjuzi wa tungo au wa elimu nyingine aliweza kuitwa fundi. Mgawanyo wa kuwaweka wenye maarifa upande mmoja na wenye mikono upande mwingine uliletwa baadaye na mfumo wa shule.

Neno mtihani lilitoka katika Kiarabu, na hadi leo limebeba maana mbili: zoezi la kumpima mtu, na msukosuko unaomfika mja. Anayesema kuwa amepatwa na mtihani hamaanishi karatasi ya maswali. Watahiniwa wengi wa ufundi huzihisi maana zote mbili kwa pamoja. Neno tathmini limetoka katika shina lilelile lililotoa thamani. Kutathmini ni kukadiria thamani ya kitu. Kupima ni neno la Kibantu, na ndilo neno la fundi mwenyewe, apimaye mbao kwa futi na ukuta kwa timazi.

Limebaki neno uhakiki. Wasomi wa fasihi hulitumia kila siku kwa maana ya kuchambua na kupambanua kazi ya sanaa. Kwa asili linahusiana na haki na hakika. Kuhakiki ni kutafuta ukweli wa jambo. Kwa hiyo kuhakiki upimaji hakutofautiani sana na kuhakiki matini. Ni kuuchukua mtihani, vigezo vyake na maamuzi yake, kisha kuuliza: je, kinachodaiwa hapa ndicho kinachothibitishwa?

Wataalamu wa upimaji hutumia dhana mbili za msingi katika kujibu swali hilo. Ya kwanza ni uhalali, yaani kiwango ambacho kipimo kinapima kile kinachokusudiwa na si kitu kingine. Ya pili ni uthabiti, yaani kiwango ambacho kipimo kingetoa uamuzi uleule kama mtahini, siku au kituo kingebadilishwa. Mizani ya dukani ikiongeza robo kilo kila siku ni thabiti, lakini haina uhalali. Ikionyesha uzito tofauti kila mara kitu kilekile kinapowekwa juu yake, haina uthabiti, na hapo hata uhalali wake hauwezi kutetewa.

3. Kupima ufundi katika Afrika ya Mashariki

Kabla ya kuwapo vyeti, ufundi ulipimwa. Mwanagenzi wa mchonga milango ya Lamu au ya Unguja hakuketi kujibu maswali. Aliokota takataka za mbao, akanoa patasi, akapewa kipande kisicho na gharama, na baada ya muda akaachiwa kugusa mwimo au mfaa wa mlango wa mteja. Kuachiwa huko ndiko kulikokuwa kufaulu. Mtahini alikuwa fundi mkuu, na dhamana ilikuwa jina lake: mlango ukiharibika, aliyeaibika ni yeye.

Upimaji wa namna hiyo ulikuwa na uhalali mkubwa, kwa kuwa kazi iliyopimwa ndiyo kazi iliyofanywa. Udhaifu wake ulikuwa katika kusafiri. Sifa ya mwanagenzi haikuvuka mpaka wa mji ambao fundi wake alijulikana, na anayependelewa aliweza kupandishwa upesi kuliko mwenzake.

Cheti kililetwa ili kutibu udhaifu huo. Shule ya serikali ya Wajerumani iliyofunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilitumia Kiswahili na ilikuwa na mafunzo ya ufundi pia. Chini ya Waingereza, shule za ufundi zilianzishwa, zikiwamo za Ifunda na Moshi katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru, Tanzania ilitunga sheria ya mafunzo ya ufundi mwaka 1974, kisha Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, ambayo ndiyo iliyounda VETA. Kwa miaka mingi mafundi walipimwa kwa majaribio ya ufundi yenye daraja tatu, la tatu likiwa la chini na la kwanza likiwa la juu. Kenya nayo ina majaribio ya aina hiyo, ambayo husimamiwa na NITA, na Sheria ya TVET ya mwaka 2013 ikaleta chombo kinachohusika na mitaala na upimaji unaozingatia umahiri, yaani CDACC.

Mabadiliko ya kutoka katika daraja kwenda katika umahiri hayakuzuka hapa. Mfumo wa kuandika umahiri katika vipengele vidogovidogo na kumpima mtu kwa kila kipengele ulipata umbo mashuhuri nchini Uingereza kwa vyeti vya NVQ vilivyoanzishwa mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 ukaenea nchi nyingi, zikiwamo Australia na Afrika Kusini. Ulipofika Afrika ya Mashariki, ulikuja na ahadi nzuri: mtu apimwe kwa anachoweza kutenda, si kwa miaka aliyokaa darasani. Lakini ulikuja pia na mzigo mkubwa wa maandishi. Fundi aliyepimwa zamani kwa macho ya fundi mwenzake sasa hupimwa kwa sentensi.

4. Uhalali: ni ufundi au ni lugha?

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania Bara, huku Kiingereza kikishika sekondari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliuthibitisha mgawanyo huo. Mafunzo ya ufundi stadi yalisimama katikati ya dunia hizo mbili, kwani wengi wa waliojiunga nayo walikuwa wahitimu wa darasa la saba.

Chukulia mwashi aliyesoma hadi darasa la saba na kufanya kazi kwa miaka 10. Anajua kuwa zege la nguzo huchanganywa kwa uwiano wa 1:2:4, yaani kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Anajua kwamba maji yakizidi zege hudhoofika, na kwamba zege lililomwagwa halina budi kumwagiliwa kwa siku kadhaa. Akiulizwa kwa Kiingereza aeleze sababu ya kulitunza zege baada ya kulimwaga, anaweza kukaa kimya. Mtahini ataandika kuwa hajui. Uamuzi huo ni wa uongo, ingawa mtahini hakukusudia kudanganya. Kilichopimwa ni Kiingereza cha mwashi, na matokeo yameandikwa katika safu ya uashi.

Upo upande mwingine wa makosa hayohayo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kulijibu swali hilo kwa Kiingereza safi bila ya kuwahi kushika mwiko. Alama yake itakuwa ya juu. Kwa hiyo lugha ya mtihani haimshushi mmoja tu. Inampandisha mwingine asiyestahili, na mwajiri anayewalinganisha wawili hawa kwa vyeti vyao atamchukua asiyefaa.

Inawezekana kupinga hoja hii kwa kusema kwamba fundi wa leo anahitaji Kiingereza. Vitabu vya magari huandikwa kwa Kiingereza, maonyo juu ya makopo ya rangi na dawa huandikwa kwa Kiingereza, na michoro ya ujenzi hufika kazini ikiwa na maelezo ya Kiingereza. Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Jibu lake ni kwamba kama kusoma maonyo kwa Kiingereza ni sehemu ya kazi, basi kuandikwe katika kiwango cha umahiri kama kipengele kinachojitegemea, kufundishwe, na kupimwe kwa maonyo halisi. Kisichokubalika ni kukipima Kiingereza kwa siri ndani ya kila swali la uashi, kisha kumwambia mtahiniwa kwamba ameshindwa uashi.

5. Kiswahili kipi?

Wapenzi wa Kiswahili hupenda kuimaliza hoja hapo: mtihani utafsiriwe, na haki itakuwa imetendeka. Uhakiki makini hauridhiki upesi hivyo.

Karakana ina Kiswahili chake. Sehemu ya msamiati huo ni ya zamani na imekubalika kila mahali: msumeno, tupa, patasi, timazi, pimamaji, kekee, na randa ambayo asili yake ni Kiajemi. Sehemu nyingine imeingia pamoja na mashine na ikavaa sauti za Kiswahili: spana, nati, gasketi, klachi, breki, rejeta, plagi. Aidha, msamiati hutofautiana kwa mahali. Mwashi wa Dar es Salaam hupiga lipu, wa Nairobi hupiga plasta. Mmoja husema saruji au simenti, mwingine simiti.

Kwa upande mwingine wapo waundaji wa istilahi. BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limefanya kazi kubwa ya kusanifu istilahi za nyanja mbalimbali, na TUKI, ambayo leo ni TATAKI, imetoa kamusi za taaluma kadhaa. Ufundi haukusahauliwa kabisa, kwani mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili jijini Dar es Salaam. Juhudi hizi zinastahili heshima. Lakini istilahi iliyoundwa mezani ikipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani huweza kuwa ngeni kwa mtahiniwa kuliko hata Kiingereza. Makenika anayeijua rejeta kwa miaka 20, anayejua inavyovuja na inavyozibwa, akikutana na neno kipozainjini kwenye karatasi, ataanza kwanza kukisia kinachozungumzwa. Muda wa kukisia unahesabiwa katika muda wa mtihani, na kosa la kukisia linahesabiwa kuwa kosa la umakenika.

Hii haina maana kwamba istilahi sanifu ziachwe. Mafundi wanaohama kutoka Mombasa hadi Mwanza, au kutoka Kigoma hadi Bujumbura, wanahitaji msamiati wa pamoja, na usanifu huuandaa. Maana yake ni kwamba njia ya kuelekea usanifu ipitie karakanani. Neno la mtihani liwe lile ambalo mafundi wengi wanalo, na pale linapotofautiana, yote mawili yaandikwe kwa mkwaju kati yao, lipu/plasta, au picha iwekwe kando ya neno. Picha ya rejeta haihitaji tafsiri.

6. Uthabiti: maneno ya vigezo

Baada ya swali huja kigezo. Vigezo vingi vya upimaji wa ufundi huandikwa kwa vivumishi na vielezi: kazi iwe safi, kiungo kiwe imara, ukuta uwe umenyooka, umaliziaji uwe mzuri, vifaa vitumike ipasavyo. Kila mtahini hukubaliana na maneno hayo, na ndiyo maana hayawasaidii. Watahini wawili wanaweza kukubaliana kabisa kuhusu neno imara na wakatofautiana kabisa kuhusu kiungo kilicho mbele yao.

Dawa ya kwanza ni kipimo. Badala ya kuandika kwamba ukuta uwe umenyooka, yaweza kuandikwa, kwa mfano, kwamba katika kimo cha mita 1 ukuta usikengeuke timazi kwa zaidi ya milimita 3. Hapo ubishi unahamishwa kutoka kwenye neno na kupelekwa kwenye uzi na risasi ya timazi.

Lakini si kila jambo la ufundi hupimika kwa milimita. Alison Wolf, mtaalamu wa elimu wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu upimaji wa umahiri, alionyesha kwamba jitihada za kuondoa utata kwa kuongeza maelezo hazina mwisho. Kila ufafanuzi mpya huleta maneno mapya yanayohitaji ufafanuzi wake. Hoja hiyo ni ya kiisimu kuliko inavyodhaniwa. Maana ya neno haikamiliki ndani ya sentensi peke yake. Hukamilika katika jamii ya watumiaji ambao wameona mifano ileile na kuiita kwa jina lilelile.

Jamii ya mafundi ina maana hizo tayari. Mtaani Tanzania, kazi iliyofanywa kwa pupa ili ionekane imekwisha huitwa kazi iliyolipuliwa, na anayejiita fundi pasipo ujuzi huitwa fundi maiko. Maneno hayo si ya heshima, wala hayafai kuandikwa katika kigezo rasmi. Lakini mafundi watatu wakionyeshwa viungo vitano vya mbao na kuulizwa kipi kimelipuliwa, upo uwezekano mkubwa wa kunyosha kidole kimoja. Makubaliano hayo ndiyo mali ambayo upimaji unaihitaji. Njia ya kuyapata ni kuwakusanya watahini kabla ya mtihani, kuwawekea mezani kazi halisi zilizo nzuri, za wastani na mbovu, na kuwaacha wabishane mpaka kigezo kipate maana moja. Kazi hizo zihifadhiwe na zitumike tena mwaka unaofuata.

Makubaliano yenyewe lazima yapimwe kwa uangalifu. Chukulia kwamba watahini wawili wamewapima watahiniwa 40 walewale. Wote wawili wamewafaulisha 30 na kuwafelisha 4. Katika 6 waliobaki wametofautiana: 3 wamefaulishwa na wa kwanza tu, na 3 na wa pili tu. Kwa haraka itasemwa kwamba wamekubaliana kwa asilimia 85, na kikao kitafungwa kwa furaha. Lakini kila mmoja wao amewafaulisha 33 kati ya 40. Hata kama kila mmoja angegawa idadi hiyo kwa kura bila kuiangalia kazi, wangetarajiwa kukubaliana kwa takribani asilimia 71. Kipimo kiitwacho kappa, kilichopendekezwa na Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa makubaliano hayo ya bahati, na hapa hutoa 0.48 tu, ambapo 1 ni makubaliano kamili na 0 ni ya bahati tupu. Wakati watahiniwa wengi wanafaulu, asilimia ya makubaliano huficha ugomvi juu ya walioko mpakani, na walioko mpakani ndio ambao mtihani uliwekwa kwa ajili yao.

7. Ushahidi wa fundi asiyepita chuoni

Mtihani mgumu kuliko yote kwa mfumo wa upimaji ni fundi aliyejifunzia kazini. VETA imekuwa na utaratibu wa kuwatambua mafundi wa aina hiyo na kuurasimisha ujuzi wao, katika fani kama uashi, useremala na ufundi wa magari. Hapa hakuna mahudhurio wala madaftari ya kuangalia. Kuna kazi na maneno.

Katika kuhakiki maamuzi ya namna hii, kanuni za ushahidi zilizokuwamo katika viwango vya Australia vya mwaka 2015 zinafaa kuazimwa, hata baada ya viwango hivyo kubadilishwa mwaka 2025. Ziliuliza mambo manne: je, ushahidi unahusiana na kinachopimwa? Je, unatosha? Je, ni wa mtahiniwa mwenyewe? Je, ni wa karibuni?

Maswali hayo yakiletwa Afrika ya Mashariki hupata sura ya hapa. Swali la tatu ni gumu, kwa sababu nyumba hujengwa na kundi: fundi, mafundi wenzake na saidia fundi. Kuoneshwa ukuta uliosimama hakumtambulishi aliyepanga kila tofali. Mashahidi huhitajika, nao ni wateja na mafundi wenzake, ambao lugha yao ya kusifu na kulaumu lazima ieleweke na anayeirekodi. Swali la nne linajibiwa na methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa ya miaka 15 iliyopita haitoshi.

Mahojiano ndiyo sehemu inayohitaji jicho la mwanaisimu kuliko zote. Kijana mwenye shahada hukaa mbele ya fundi mwenye umri wa baba yake na kumuuliza kazi ya timazi ni nini. Shuleni, swali ambalo muulizaji analijua jibu lake ni jambo la kawaida. Katika mazungumzo ya watu wazima, swali la namna hiyo huweza kuchukuliwa kuwa ni dharau au mzaha. Mzee hutabasamu, hujibu kwa neno moja, au hunyamaza. Fomu hujazwa kwamba maelezo hayakujitosheleza. Kama kijana yuleyule angeanza kwa kumwamkia ipasavyo, akamwita fundi au mzee, kisha akamwomba amweleze ukuta mmoja uliowahi kumsumbua na jinsi alivyousahihisha, angepata dakika 20 za maarifa. Kilichobadilika hapo ni tendo la usemi. Ujuzi wa mzee ulikuwapo tangu mwanzo.

8. Kazi ya uhakiki na kazi ya wanaisimu

Kutokana na yaliyoelezwa, uhakiki wa upimaji wa ufundi unaweza kupangwa katika hatua tano.

Kwanza, kabla ya mtihani, kila swali lihakikiwe kwa kuuliza ni nini kingine, mbali na ufundi, ambacho mtahiniwa lazima awe nacho ili alijibu. Kisichohusiana na kazi kiondolewe.

Pili, maswali yajaribiwe kwa mafundi wachache wanaojulikana kuwa hodari. Swali linalowashinda mafundi hodari lina kasoro mpaka ithibitishwe vingine.

Tatu, watahini wakutanishwe na kazi halisi kabla ya kupima, na makubaliano yao yahesabiwe kwa kipimo kinachoondoa bahati.

Nne, baada ya matokeo, sampuli ya kazi na fomu ipitiwe upya na watu ambao hawakuhusika na mafunzo wala upimaji wa watahiniwa hao. Anayefundisha ana haki ya kuwa na maoni juu ya mwanafunzi wake, lakini hawezi kuwa hakimu pekee wa kazi yake mwenyewe. Tanzania imegusa jambo hili kisheria: mabadiliko ya mwaka 2021 yaliipanua NACTE kuwa NACTVET, na kukipa chombo hicho dhamana ya kusimamia ubora katika ufundi stadi pia.

Tano, waajiri na wateja waulizwe baada ya mwaka mmoja au miwili kama wenye vyeti wanatenda kile ambacho vyeti vinasema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfumo wa vyeti unaolazimika kujitetea kila siku hauna budi kujichunguza.

Katika hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, mtu anayekosekana mezani kwa kawaida ni mtaalamu wa Kiswahili. Wapo wataalamu wa fani, wa mitaala na wa takwimu. Hayupo wa kueleza kwa nini swali lenye vishazi tegemezi vitatu humchanganya msomaji, au kwa nini neno moja huleta picha mbili katika mikoa miwili. Wanafunzi wa shahada za uzamili wanaotafuta mada za tasnifu wangepata hapa shamba lisilolimwa: msamiati wa mafundi umeme, mahojiano ya kurasimisha ujuzi, na lugha ya vigezo vya upimaji. Haja hiyo itaongezeka, kwani Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na kila mkondo mpya huja na mitihani yake.

9. Hitimisho

Mhadhara huu umedai kwamba ubora wa upimaji wa ufundi hauwezi kuhakikiwa bila kuihakiki lugha yake. Umeonyesha kwamba swali huweza kupima lugha badala ya kazi, kwamba tafsiri isiyopita karakanani haitoshi kuliponya kosa hilo, kwamba vigezo hupata maana katika makubaliano ya watahini walioona kazi zilezile, na kwamba mahojiano mabaya humnyamazisha mwenye ujuzi.

Zege lililochanganywa vibaya halisomi cheti cha aliyelichanganya. Kwa sababu hiyo wanaoandika vyeti wanawiwa na umma uangalifu uleule ambao umma unaudai kwa mafundi. Fundi hupitisha timazi kabla ya kuendelea na kozi inayofuata. Mtunga mtihani naye alipitishe timazi swali lake kabla halijamfikia mtahiniwa.